Ngwe ya Shangazi

Shangazi alivua viatu kila alipotaka kukanyaga nyasi. Aliviweka pembeni mwa njia ya kokoto, akainama kidogo kama anayepita mbele ya wakubwa waliokaa, akasema, "Shikamoo." Ndipo akaingia na kisu chake cha kupalilia.

Wenzake walisema, "Hodi."

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani ni mzaha. Wanawake wale walikuwa na mizaha mingi, hasa yule tuliyemwita Redio kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Redio alipiga hodi kwa sauti, akangoja, kisha akajiitikia mwenyewe: "Karibu mpenzi, pita ndani, utatusamehe viti hatuna." Wengine wakacheka. Lakini mimi ni mtu wa kutazama kuliko kusema, nikaona kwamba hata yeye hakutia mguu mpaka amalize maneno yake yote. Tena aliingia kwa upande mmoja tu, siku zote uleule, hata ikambidi azunguke bustani nzima kuufikia.

Bustani yenyewe iko katikati ya mji, kati ya hospitali na maofisi, imezungushiwa ukuta wa mawe. Waliitengeneza watawala wa zamani, wale waliokuja na merikebu. Walileta miche ndani ya masanduku kutoka nchi nyingine walizozishika, wakaipanda hapa kuona ipi itakubali: mpira, mkwinini, mkafuri, na mingine ambayo hakuna aliyejua ni ya nini. Kila mti ulipigiliwa kibati chenye jina refu ambalo mti wenyewe ungeitwa usingeitika. Langoni kuna jiwe limechongwa maandishi, yanasema bustani hii ilipandwa juu ya ardhi tupu.

Katikati ya miti ndipo palipo na ukoka, uwanja mpana kiasi kwamba mpira wa miguu ungechezwa hapo na watazamaji wakapata pa kukaa. Ukoka nao uliletwa na merikebu. Hauzai mbegu, kwa hiyo kila shina pale lilipandikizwa na mkono wa mtu, shina kwa shina, na mikono hiyo ilikuwa ya wanawake wa hapa hapa. Unakunywa maji kama mlevi wa harusini. Ukiuachilia kidogo tu, magugu yanapenya.

Na magugu ya pale yalikuwa na vituko. Mchicha, mnavu, mlenda, wakati mwingine hata kunde, na hakuna aliyepanda. Mashina yalichomoza kwa mstari. Ungeng'oa mstari mzima, wiki mbili mbele mstari unarudi palepale, kana kwamba chini kuna mtu mwenye jembe anayeendelea na shamba lake bila habari ya kwamba juu kumewekwa zulia.

"Usiulize," Shangazi aliniambia nilipomwonyesha kwa kidole. "Ng'oa, tia kwenye aproni, jioni tutapika."

Uwanja ule haukuwa na alama yoyote, lakini wapaliliaji waliugawa kwa ngwe, na kila mwanamke aliijua ngwe yake hata ukimfunga kitambaa machoni. Hakuna bosi aliyezigawa. Binti alirithi kwa mama, mama alikuwa amerithi kwa mama yake. Msimamizi mmoja wa zamani aliwahi kuwabadilisha ili kazi iende haraka. Inasemekana asubuhi iliyofuata kila mmoja alikuwa amerudi kwake, kama kuku anavyorudi kwenye kiota, na msimamizi aliposhika kiuno kuwafokea, wakamtazama tu mpaka mikono ikamshuka.

Ngwe ya Shangazi ilikuwa ya bibi yake, yaani mama wa babu yangu. Ilikuwa peke yake upande wa chini, karibu na mti wa mpira, mbali kidogo na za wenzake. Bibi huyo alimfundisha mambo matatu akiwa bado msichana: asiingie na viatu, asalimie, na ngwe asimpe mtu. Hakumwambia kwa nini. Wapaliliaji wengine walikuwa na hadithi kwamba bibi zao walijenga pale kabla ya bustani, wakabomolewa, kisha wakaajiriwa kupanda nyasi juu ya sakafu zao wenyewe. Kwamba kila mmoja alipoambiwa aanze kupanda, alikwenda kusimama mlangoni kwake. Shangazi aliamini vivyo hivyo kuhusu pale pake. Usiku akikosa la kusema aliniambia, "Unajua nyumba ya bibi ilikuwa na mlango unaotazama ule mpira?" Nami nilimwamini. Nani angebisha?

Mwanamume wa bibi huyo, babu yake Shangazi, hakuonekana katika hadithi hizo. Ilisemwa alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kwenda kujenga reli nchi ya mbali, na bibi alimngoja hadi uzee. Akiulizwa alijibu neno moja: "Kachelewa."

Basi mwaka mmoja wa kiangazi kirefu, Msimamizi alikuja na mgeni aliyevaa kofia pana. Msimamizi wetu alikuwa kijana, amesomea mimea, mpole, mwenye tabia ya kuvuta sikio lake akiwa na wasiwasi. Mgeni alikuwa mchora bustani. Bustani ilikuwa inakaribia kutimiza miaka mia moja, na makao makuu walitaka bwawa lenye umbo la jani, lenye taa na samaki, wageni wapige picha. Mgeni alitembea huku na huku, akapiga vigingi vyenye utepe mwekundu. Vyote vilikaa upande wa chini, kwa sababu maji hufuata bonde. Vilizunguka ngwe ya Shangazi kama wanaomvizia mtu.

Shangazi alikuwa mkuu wa ukoka. Uwanja ule ulikuwa sifa yake. Watu wa mji walisema hakuna zulia linaloweza kulala vile. Alivitazama vigingi, akavua viatu, akasalimia, akaingia na kukaa chini katikati yake.

"Mama," Msimamizi alimwita kwa upole, "pana tatizo?"

"Hapa ni kwa bibi yangu. Msichimbe."

Sikio likavutwa. "Mama, nimesikia hizo habari za nyumba. Mimi sizikatai. Lakini ofisini wataniuliza ushahidi. Ramani ya zamani kuliko zote inaonyesha pori tupu."

"Nani aliichora?"

"Waliotengeneza bustani."

Redio hakuweza kuvumilia. "Mwizi akichora ramani ya nyumba yako, mwanangu, atakuchorea na mlango?"

Mgeni mwenye kofia alicheka. Msimamizi hakucheka. Alisema tingatinga litakuja mwisho wa mwezi ujao, na kwamba yeye ni wa kutumwa tu, kisha akaondoka akitembea kwenye kokoto, bila kukanyaga nyasi. Hilo nililiona.

Mchana ule tulikaa kwenye chumba cha zana, kati ya matoroli na mifuko ya mbolea, watu wote wa palizi. Shangazi alisema kwa sauti ya chini.

"Bibi aliniambia nyumba ziliwahi kurudi."

Redio aliacha kutafuna.

"Kilikuwa kiangazi kikali, mabomba yakakauka mji mzima. Ukoka ukafa. Nyumba zikatoka juu, kila mtu akaona kwake. Kisha mvua ikanyesha zikarudi chini. Bibi alisema hazikwenda mbali. Zimekaa tu hapo chini, zinasikiliza."

"Yaa," mmoja akanong'ona, akajishika mikono.

"Kiangazi ndicho hiki," Shangazi akaendelea. "Kinachozuia ni sisi na mipira yetu ya maji."

Tulielewa polepole. Mkuu wa ukoka alikuwa anatuomba tuuue ukoka.

"Watakufukuza," Redio alisema. "Sisi watatukemea, wewe watakufukuza. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Na kama hazikutoka?"

"Basi watakuwa wamemfukuza mwenda wazimu. Hasara ya nani?"

Hapo walicheka, na wakishacheka pamoja wale wanawake huwa wamekwisha kukubaliana.

Nyumbani baba yangu hakukubaliana na yeyote. Baba ni seremala, mdogo wake Shangazi, na tangu niijue dunia hakuwahi kukanyaga bustani ile. Alisema ameishi vizuri bila kwenda kutembea kwenye nyasi za watu. "Dada, kazi ya maisha yako unaitupa kwa hadithi za marehemu," alimwambia, akipiga randa bila kuinua kichwa. "Bibi mwenyewe alikuwa anangoja mtu asiyerudi. Ulitaka akili zake ziwe nzima?"

"Angalau yeye alingoja," Shangazi alijibu. "Wewe hata kuchungulia umekataa."

Kazi ya koki ilikuwa yangu. Nyuma ya kitalu kuna mnara wa tangi, na koki kubwa iko juu, unapanda kwa ngazi ya chuma. Kila asubuhi nilipanda, nikafungua kidogo tu, maji ya kutosha mipira ipate kulia na kutetemeka. Wanawake wakatembea na mipira yao uwanjani, njia zilezile za siku zote, wakizungusha mikono. Ukiwa kwenye veranda ya ofisi ungeapa wanamwagilia. "Leo nimeunywesha upepo mpaka umevimbiwa," Redio alisema akirudi. Maua na miti tuliinywesha kwa ndoo, sawasawa, maana haikuwa na kosa.

Ukoka ulianza kubadilika rangi. Msimamizi aliuliza, tukasema maji hayana nguvu. Alipanda mnarani mwenyewe, akaitazama koki, akanitazama mimi. Mkono ulikwenda sikioni. Akashuka bila kuigusa.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa ndege. Walikuwapo ndege weupe wa miguu mirefu waliozoea kuokota wadudu pale, wakaanza kusimama juu ya ukuta wakitazama uwanja, hawatui. Kisha magugu. Kwa mara ya kwanza hakuna mstari wa mchicha uliorudi. Redio alisema wamesita kulima, wanataka kuona tunafanya nini huku juu. Alisema kwa mzaha, lakini hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akanyamaza mchana mzima, jambo ambalo lilitutisha kuliko ndege.

Siku niliyoona, jua lilikuwa utosini na hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Nilipanda mnarani kufunga koki. Nikageuka kushuka, nikatazama chini, na mguu wangu ukabaki hewani.

Uwanja ulikuwa umejaa nyumba.

Sijui niseme vipi. Ukoka wote ulikuwa umekuwa wa manjano, lakini ndani ya manjano kulikuwa na miduara iliyopauka zaidi, myeupe kabisa, rangi ya jivu. Miduara kamili. Mikubwa na midogo, miwili miwili, mitatu mitatu, kama watu wanaopenda kujenga karibu. Kila mduara ulikuwa na ulimi mmoja mweupe unaotoka nje, na ulimi huo ulikwenda kukutana na njia nyembamba, na njia ikaenda kukutana na njia nyingine. Niliona watu wangu chini, wadogo, wanatembea na mipira. Redio alikuwa anakaribia ngwe yake. Alizunguka, kama kawaida, akasimama, midomo ikacheza. Alikuwa amesimama mwisho wa ulimi. Akaingia. Alikuwa ameingia mlangoni, katikati kabisa, na kutoka chini hakuwa akiona kitu.

Nikawatazama wote mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amepita ukutani.

Nilishuka na kumwambia Shangazi. Sikumbuki maneno niliyotumia. Nakumbuka kwamba aliacha mpira wake chini na kupanda ngazi ile bila kupumzika, mtu mzima yule, na wengine nyuma yake, mpaka mnara ukalalamika. Walisimama wakishikana mabega. Mmoja akaanza kulia kwa sauti nyembamba, akionyesha. "Kwetu kule. Kwetu kule, na jiko lake." Mwingine akasema, "Mama, mama yangu, kumbe si uongo." Redio alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Shangazi alikuwa anatazama upande wa chini, kwenye mti wa mpira.

Pale pake hapakuwa na mduara. Hapakuwa na sakafu wala ulimi. Hakuna njia hata moja iliyokwenda pale. Njia zote zilikatika kabla, kana kwamba watu wa zamani walifika hapo wakageuka. Ndani ya vigingi vyekundu, katikati ya manjano yale yote yaliyokufa, kulikuwa na vipande vya nyasi za kijani. Kijani kibichi, kana kwamba tulivimwagilia asubuhi. Virefu, vyembamba, vimepangwa ubavu kwa ubavu, vyote vinaelekea upande mmoja.

Redio alianza kuhesabu kwa kidole, Shangazi akaushika ule mkono, akaushusha.

Tulipofika chini alivua viatu. Mimi pia nikavua. Ukoka mkavu ulichoma nyayo kama bati la juani. Kisha nikakanyaga kijani, na pale palikuwa baridi. Ardhi ilikuwa laini, ilibonyea kidogo chini ya uzito wangu, ikangoja, ikanirudisha juu. Nikatoka haraka. Shangazi hakutoka. Alisimama kwenye manjano, katikati ya kipande na kipande, akiangalia asikanyage.

Msimamizi alitukuta hapo. Alikuwa ameona kutoka dirisha la juu la ofisi, akaja mbio, na sasa alisimama kwenye kokoto kama aliyefungwa miguu.

"Wewe umesomea," Shangazi alimwambia bila kugeuka. "Niambie."

"Mama, ni udongo tu."

"Udongo umefanyaje?"

Alionyesha ukoka uliopauka. "Pale palipokuwa sakafu au njia, watu wameshindilia kwa miguu miaka mingi. Mizizi haishuki. Kiangazi kikija nyasi za hapo hufa kwanza."

"Na hapa?"

"Hapa palichimbwa. Palichimbwa kwenda chini sana, kisha pakafukiwa. Udongo uliofukiwa ni mlegevu. Maji hukaa humo, nyasi huyafuata."

"Palichimbwa nini?" Redio aliuliza, ingawa sote tulikuwa tumekwisha jua, tena yeye kabla yetu.

Msimamizi alivitazama vile vipande, urefu wake na upana wake. Alikuwa kijana, na uso wake ukawa wa mtoto. "Mimi nimelala chali kwenye nyasi hizi," alisema. "Nilipoanza kazi hapa. Mchana, nikipumzika. Hapa ndipo palipokuwa laini."

Shangazi alikaa chini, kwenye ule wembamba uliobaki kati ya wawili. Alikaa muda mrefu. Nilidhani analia, nikasogea, lakini macho yalikuwa makavu.

"Bibi hakusema hata siku moja 'nyumba yangu'," aliniambia. "Nyumba niliiweka mimi. Yeye alisema 'pale pangu'. Alijua. Vijana waliokataa kubomoa nyumba, watu wakaambiwa wamepelekwa reli. Yeye akaja akapewa shina la ukoka na kuambiwa panda, akapanda hapa. Miaka yote ile anawafunika kwa mkono wake, na akitoka anasema kachelewa." Akapangusa nyasi kwa kiganja. "Angesema amekufa, wangemuuliza umejuaje."

Habari ilitoka nje ya ukuta kabla ya jioni. Asubuhi watu walijaa kwenye roshani za hospitali, wagonjwa kwa wauguzi, wakitazama chini. Vikongwe waliletwa. Kijana mmoja alipiga picha kutoka juu ya paa, na picha ilipita kila simu mjini. Mchora bustani naye alikuja, akavua kofia yake pana, akatazama kwa muda, akasema ni mchoro mzuri kuliko wake. Redio akamwambia asijali, wachoraji wa huu walikuwa na muda mrefu zaidi.

Lakini makao makuu hawakuwa kwenye roshani ya hospitali. Agizo lilibaki lilelile, na Msimamizi, aliyekwenda kuwaeleza kwa mdomo wake, alirudi sikio likiwa jekundu. Aliambiwa nyasi zilizokufa si ushahidi wa kitu ila uzembe. Tingatinga lije. Na mkuu wa ukoka aondoke.

"Samahani, mama," alimwambia Shangazi kwenye chumba cha zana, akiangalia matoroli.

"Umefikisha ulichotumwa. Kesho ukija, pita kwenye kokoto kama ulivyozoea."

Kesho yake, tingatinga lilipoingia langoni likinguruma, uwanja ulikuwa na watu. Hakuna aliyepiga kelele wala kushika bango. Kila ukoo ulikuwa umeingia kwake kwa mlango wake na kukaa sakafuni. Mmoja alikuwa anasukwa nywele. Wengine walikuwa wanachambua mboga, mtoto ananyonya, mzee kalala kaegemea ukuta usiokuwapo, na kwa namna fulani hakuanguka. Walizungumza kwa sauti za nyumbani. Ukifumba macho ungesema umesimama katika mtaa wowote asubuhi. Ndilo lililonisisimua mwili. Hewa tupu ilikuwa inagawanyika vyumba vyumba, na wewe uliyesimama nje ulijiona ni wa nje.

Shangazi alikuwa peke yake upande wa chini.

Dereva wa tingatinga alizima mngurumo mkubwa, akashuka. Alikuwa mtu mnene, mwenye jasho, asiye na ubaya. "Jamani, nipisheni nifanye kazi ya watu."

"Pita," Redio alimjibu kutoka kwake. "Nani kakuzuia? Njia hiyo hapo."

Dereva akatazama. Njia ilikuwapo kweli, nyeupe, nyembamba, ya mtu na mtu kupishana kwa bega. Akaanza kuifuata kwa miguu, akipima kwa macho. Ilimpeleka mlangoni kwa watu, wakamwitikia "Karibu" wote kwa pamoja, akarudi nyuma akishtuka. Akashika nyingine, ikampeleka kwa wengine. Alizunguka hivyo mpaka shati likalowa. Mwisho alisimama pale njia zinapokatika, akamwona Shangazi, akaviona vile vipande vya kijani.

"Na pale?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Shangazi alimjibu. "Pale hakuna njia. Waliopelekwa pale hawakwenda kwa miguu yao."

Yule bwana alirudi kwa mashine yake. Msimamizi alikuwa amesimama langoni. "Bosi," dereva alimwambia, "mimi hupewa kazi ya kuchimba. Kila ninapotaka kupita napita sebuleni kwa mtu, na mwisho wa safari ni makaburi. Mtafute dereva kipofu." Akarudi nyuma mpaka barabarani, na lile jino la tingatinga likakwaruza jiwe la langoni likaacha mstari.

Dereva kipofu hakupatikana. Bwawa lilichimbwa baadaye nyuma ya maofisi, dogo, lisilo na umbo la kitu. Mvua za kwanza zilipokaribia, kila ukoo ulileta mbegu na vipandikizi vya kwake na kuvipanda juu ya mistari ya kuta, maana walijua ukoka ukifufuka utazifunika. Mchicha, kunde, maua, mwingine akaweka mnavu mtupu na kusema hilo gugu ndilo lililomtambua kwanza. Kwa hiyo ukipanda juu kwenye roshani za hospitali sasa utaona miduara inakua, kila mmoja rangi yake. Wengine huiita sanaa. Wenye nyumba huiita kwetu.

Shangazi hakupanda kitu. Hakupewa tena sare wala kazi, lakini kila asubuhi aliingia langoni. Mlinzi alijaribu mara ya kwanza: "Mama, umeambiwa usije."

"Nimeambiwa nisifanye kazi. Kuzuru hawajanikataza."

Mvua ilinyesha, uwanja ukawa kijani wote, na vile vipande havikuonekana tena kwa rangi. Vilionekana kwa urefu. Nyasi za pale hukua upesi kuliko za kwingine. Unazikata leo, keshokutwa zimeinuka tena, laini, zimelalia upande mmoja hata kama upepo unavuma upande wa pili. Mashine haifai. Shangazi alileta mkasi wake kutoka nyumbani, akawa anakata akiwa amepiga magoti.

Baba alikuja siku ya mapumziko. Sikumwona akiingia. Niligeuka nikamkuta amesimama kwenye kokoto, na nguo zake safi, mikono haina pa kuiweka. Alikuwa anazitazama zile nyasi ndefu zilizojipanga.

"Dada," alisema. "Yupi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Bibi naye nadhani hakujua. Aliwatunza wote."

Baba akasogea, akapiga magoti kwenye majani mabichi bila kujali suruali, akanyoosha mkono. Shangazi akampa mkasi. Mikono ya seremala haijui nyasi, akakata vibaya, akapandisha na kushusha, Shangazi akamwambia, "Taratibu, unamwumiza," na wote wawili wakatazamana. Kisha Baba akapunguza mwendo, akaanza upya na yule wa pembeni.